Imani na Kiapo

Msomaji, ukitoka katikati ya Nairobi kwa barabara ya Ngong, ukafika Dagoretti Corner na kuishika barabara ya Naivasha, utaingia Riruta na Satellite, mahali ambapo nyumba za kupanga zimesongamana na maduka, na makanisa ya kila namna yamekaribiana kama vibanda vya soko. Mpita njia hadhani kwamba mahali hapa pana historia. Majengo ya juzi yamefunika mashamba ya jana, na wapangaji wengi walizaliwa kwingine. Hata hivyo nchi hii, tangu Riruta hata Waithaka na ng'ambo yake Thogoto, imeona majaribu makubwa ya imani. Yafaa tuyakumbuke, kwa kuwa sisi nasi twaishi katika mji wenye wasiwasi, ambamo watu wengi huitaja dini kwa vinywa vyao, kisha wakaiacha mlangoni waingiapo kazini.

Swali letu ni hili: mtu ashikeje imani yake wakati hofu inapotawala? Jawabu twaweza kulitafuta katika habari za viapo vitatu. Nasema viapo, kwa sababu hofu ina desturi moja: ikiingia katika watu, haiwaamini tena kwa matendo yao, bali hudai waape. Hudai hivyo kanisani kama idaivyo msituni na katika nyumba za watawala.

Kiapo cha kwanza kilidaiwa na kanisa lenyewe. Misheni ya Kanisa la Skoti ilihamia nchi hii mwaka 1898 kutoka Kibwezi, ikiongozwa na Thomas Watson. Watson alifariki mwaka 1900, lakini mjane wake, Minnie, alibaki na kuendelea na kazi kwa miaka mingi. Thogoto pakawa na shule, hospitali na kanisa, na mwaka 1926 shule ya Alliance ikafunguliwa karibu na hapo. Vijana wengi wa Kikuyu walipata kisomo kwa njia hiyo, na wazazi wao wakashukuru.

Mwaka 1929 ukazuka ugomvi mkubwa. Wamishonari, Daktari John Arthur akiwa mstari wa mbele, walikuwa wameipinga kwa muda mrefu desturi ya kuwatahiri wasichana. Katika jambo lenyewe walikuwa na hoja ya haki, maana desturi hiyo huumiza mwili na huweza kuua. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imeipiga marufuku. Lakini, msomaji, jambo la haki huweza kudaiwa kwa njia isiyofaa. Waalimu na washirika waliambiwa watie sahihi au alama ya kidole gumba, ya kwamba wameiacha desturi hiyo, na pia kwamba hawamo katika chama cha Kikuyu Central Association, kilichokuwa kikidai mashamba yaliyotwaliwa na walowezi. Mambo mawili yakafungwa katika fungu moja: mwili wa msichana na shamba la babu. Ndipo watu wakanong'onezana kwamba anayetaka kuwanyang'anya mila leo, kesho atawanyang'anya na kilichosalia cha ardhi.

Waliotia alama waliitwa Kirore, kwa sababu ya kidole. Waliokataa waliitwa Aregi, maana yake wakataaji. Kukatokea ngoma na wimbo wa kejeli ulioitwa Muthirigu, hata serikali ikaupiga marufuku. Huko Kijabe, mmishonari mmoja Mmarekani, Hulda Stumpf, aliuawa mwanzoni mwa mwaka 1930. Makanisa yakapoteza sehemu kubwa ya washirika wao kwa muda mfupi, na madawati ya shule yakabaki matupu.

Pengine utadhani kwamba waliotoka waliiacha dini. La, hawakuiacha. Walitoka na Biblia zao mikononi, wakajenga shule na makanisa yao kwa fedha walizochanga wenyewe. Waliokuwa upande huu wa Dagoretti na Waithaka walifuata shule zilizoitwa Karing'a. Walipokosa mapadri, walimwalika Askofu Mkuu Daniel William Alexander wa Kanisa la Orthodox la Waafrika, naye akaja kutoka Afrika Kusini mwaka 1935 na kuwafundisha vijana wachache. Mmoja wao alikuwa Arthur Gathuna, na Waithaka pakawa makao ya kazi yake. Mwaka 1946 kanisa lao likapokewa chini ya Patriaki wa Aleksandria. Hali ya Hatari ilipotangazwa, shule zao zilifungwa na Gathuna akawekwa kizuizini. Lakini mwaka 1971 Askofu Mkuu Makarios wa Tatu, aliyekuwa pia Rais wa Kipro, na ambaye yeye mwenyewe alikuwa amefungwa na Waingereza katika visiwa vya Shelisheli, alikuja Kenya, akabatiza watu kwa maelfu, akaanzisha Riruta chuo cha kuwafundisha mapadri. Chuo hicho chaitwa kwa jina lake. Vijana wa nchi mbalimbali za Afrika husoma hapo, si mbali na makelele ya magari ya Satellite. Nao ni matunda ya ugomvi wa mwaka 1929, ingawa waliogombana hawakuwaza jambo la namna hiyo.

Fundisho la kwanza ni dhahiri. Sahihi hupatikana kwa amri, na alama ya kidole hupatikana kwa vitisho, bali imani haipatikani kwa njia hizo. Kanisa lililodai kiapo liliwapoteza watu, na watu waliokikataa hawakumpoteza Mungu wao.

Kiapo cha pili kilikuja na damu. Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Watu wa Mau Mau walikuwa wakipigania ardhi na uhuru, na waliunganishwa na kiapo cha siri. Wengi walikula kiapo hicho kwa hiari, kwa kuwa waliona hakuna njia nyingine ya kupata haki. Wengine walikula kwa kuogopa kisu. Miongoni mwao walikuwamo Wakristo, na si haki kwetu, tuliozaliwa katika uhuru, kusema kwamba kila Mkristo aliyeapa kwa ajili ya shamba la baba yake aliisaliti imani yake. Serikali nayo ilitisha kwa upande wake. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yaliuzunguka mji wa Nairobi na kuwakamata watu kwa makumi ya maelfu. Vijijini watu walihamishwa kwa nguvu na kufungiwa ndani ya mahandaki na miiba. Na zaidi ya watu 1,000 walinyongwa kabla Hali ya Hatari haijaisha.

Katikati ya pande hizo mbili walisimama watu wachache wa Uamsho. Uamsho huo ulianza Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, na kuingia Kenya yapata mwaka 1937. Wafuasi wake walikutana katika vikundi vidogo, wakaungama makosa yao mbele ya wenzao, wakarudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni waliyoyaficha. Katika vikundi hivyo Mwafrika na Mzungu waliitana ndugu, jambo lililokuwa geni sana katika Kenya ya siku zile. Watu waliwacheka kwa kusema sana juu ya dhambi zao. Lakini siku ya hatari ilipofika, ikaonekana kwamba mtu aliyezoea kusema kweli juu ya nafsi yake hatishwi upesi aseme uongo.

Hao walikikataa kiapo, wakisema kwamba waliokwisha kushiriki damu ya Kristo hawawezi kushiriki damu nyingine. Wengine waliuawa kwa sababu hiyo. Serikali ilipoona hivyo ikadhani imepata watu wake, ikawapa bunduki ili wawe walinzi wa vijiji. Wengi wao wakazikataa bunduki pia, wakisema hawawezi kumhubiria mtu huku wamemwelekezea mtutu. Basi wakachukiwa na pande zote mbili: msituni waliitwa vibaraka wa Wazungu, na katika ofisi za serikali walitiliwa shaka.

Angalia hapa, msomaji, tofauti ya kukataa na kukataa. Wapo wanaokataa upande mmoja kwa sababu upande wa pili umewaahidi ulinzi. Hao wamebadili bwana tu. Watu hawa hawakuwa na ulinzi wowote ila wenzao wachache. Hawakuwa mashujaa wa vitabu. Wengi walikuwa wakulima, makarani na wake wa nyumbani. Wala kanisa kwa jumla halikuwa na ushujaa wao. Viongozi wengi walinyamaza walipoona watu wakiteswa katika mahabusu, ingawa wachache walisema. Kwa mfano, chama cha wamishonari wa Kianglikana, CMS, kilitoa kijitabu mwaka 1955 cha kuwashitaki wenye kutumia nguvu kupita kiasi.

Kiapo cha tatu kilikuja baada ya uhuru, na ndicho kinachoshangaza zaidi, kwa kuwa hapakuwa tena na mtawala wa kigeni wa kulaumiwa. Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya aliuawa kwa risasi katikati ya Nairobi. Nchi ikajaa hofu ya kabila kwa kabila. Katika miezi iliyofuata, Wakikuyu walisombwa kwa malori na mabasi mpaka Gatundu, wakaapishwa kwamba utawala hautatoka katika nyumba yao. Waliokataa walipigwa, na Wakristo walikuwa miongoni mwa waliopoteza maisha kwa mapigo hayo. Viongozi wa makanisa, Wapresbiteri wakiwamo, ambao kanisa lao lilitokana na ile misheni ya Thogoto, walikemea jambo hilo hadharani, na hatimaye likakoma. Kanisa lililodai kiapo mwaka 1929 sasa lilisimama kupinga kiapo mwaka 1969. Katika miaka 40 lilikuwa limejifunza kitu, na kujifunza huko kuliwagharimu watu wake.

Lakini imani haijulikani kwa kukataa peke yake. Mwaka 1992 akina mama waliokuwa na wana wao gerezani kwa sababu za kisiasa walikusanyika katika bustani ya Uhuru, jijini Nairobi, wakafunga kula ili wana wao waachiliwe. Wangari Maathai alikuwa pamoja nao. Tarehe 3 Machi polisi waliwatawanya kwa marungu na gesi ya kutoa machozi. Kesho yake hawakuwa na mahali pa kwenda, nalo Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, lililo karibu na bustani hiyo, likawafungulia mlango. Walikaa humo yapata mwaka mzima, hata wana wao karibu wote wakaachiliwa mwanzoni mwa mwaka 1993. Mlango ule haukuwauliza kabila lao wala dini yao, wala haukuwataka waape neno lolote.

Na sasa tuitazame siku yetu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, zaidi ya watu 80 katika kila 100 wa Kenya walijiandikisha kuwa Wakristo. Ukiihesabu imani kwa njia hiyo, hakuna hatari yoyote. Lakini kijana wa Satellite anajua mambo yasiyoandikwa katika hesabu. Anajua kodi ya nyumba ilivyo nzito na kazi ilivyo adimu. Amesikia habari za msitu wa Shakahola, Kilifi, ambako mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofundishwa kufunga mpaka kufa. Amewaona wanasiasa wakipanda madhabahuni na mabunda ya fedha; na vijana wa mwaka 2024 waliuliza kwa sauti kubwa kama kanisa ni nyumba ya sala au ni jukwaa la kura. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo, Askofu Mkuu wa Kikatoliki wa Nairobi, Philip Anyolo, aliamuru fedha zilizotolewa na wanasiasa, Rais akiwa mmoja wao, zirudishwe. Wengi walishangaa, na kushangaa kwao kwaonyesha jinsi tulivyokuwa tumezoea kinyume chake.

Hapana mtu leo anayekuamuru, kwa kisu au kwa bunduki, uiache imani yako. Majaribu ya siku hizi huja polepole, wala hayana sura ya adui. Huja kwa mazoea, kwa shughuli, kwa simu iliyo mkononi, kwa wazo kwamba dini ni jambo la Jumapili na fedha ni jambo la siku sita. Huja pia kwa wahubiri wanaofanya biashara ya hofu, wakimwambia mgonjwa na asiye na kazi kwamba Mungu atamtazama akitoa zaidi. Hofu imebadili nguo tu. Desturi yake ni ile ile ya kudai alama ya nje mahali pa moyo.

Basi, msomaji, ikiwa wewe ni mwenye kuamini, usiipime imani yako kwa ukubwa wa sauti ya kanisa lako. Jiulize maswali ambayo ndugu wa Uamsho walijiuliza katika vikundi vyao vidogo: nimesema kweli leo? Nina kitu cha mtu nisichokirudisha? Yuko mtu ambaye siwezi kumwita ndugu kwa sababu ya lugha yake? Na ikiwa wewe si mwenye kuamini, historia hii ni yako pia, kwa maana jirani anayekataa kukuchukia apishwapo, na anayekufungulia mlango ufukuzwapo, ni baraka kwako hata kama humwabudu Mungu wake. Watu wa Thogoto, Waithaka na Riruta walipita katika viapo vitatu ndani ya miaka 40. Walioimaliza safari hiyo na imani hai ni wale waliojizoeza mapema kushika neno lao katika mambo madogo, kabla siku ya jambo kubwa haijafika.