Ukuta Ulitangulia, Mlango Ukafuata

Mwaka 1979 maabara za Bell, New Jersey, zilitoa toleo la 7 la mfumo endeshi wa Unix. Ndani yake ilikuwamo huduma ndogo iitwayo chroot. Kazi yake ni kuiaminisha programu kwamba folda fulani ndiyo mwanzo na mwisho wa kompyuta. Kilicho nje ya folda hiyo, kwake hakipo. Ukuta ukawa umepatikana. Ila njia ya mtu kuingia ndani, kuona kinachoendelea, kisha kutoka na kuhamia chumba cha pili, haikuwapo. Kwa maoni yangu, historia ya makontena ya programu, yaani vyumba vya namna hii, tangu wakati huo ni historia ya kuutafuta mlango.

Januari 1991, Bill Cheswick wa maabara hizohizo alikuta mtu asiyemjua anajaribu kuchukua faili la nywila kupitia programu ya barua pepe. Hakumfukuza. Alimpa faili la uongo, kisha akaanza kumwigizia: mvamizi akituma amri, Cheswick anaandika jibu kwa mkono wake, kana kwamba ni mashine inayosuasua. Kazi hiyo ilimchosha upesi. Ndipo yeye na wenzake wakatenga mashine moja, wakaizungushia chroot, wakaijaza mafaili ya kughushi na kumwacha mgeni ajishughulishe humo huku kila alichoandika kikirekodiwa. Nyayo zake zilifuatwa hadi Uholanzi. Wenyewe waliliita jengo lao jela, na jina likadumu. Mimi huvutiwa zaidi na lile jambo la kutazama: ukuta ule haukuwekwa kuzuia tu, uliwekwa ili mtu aonekane akifanya kazi yake.

Mwaka 2000 jela ikawa sehemu rasmi ya mfumo wa FreeBSD 4.0, kwa kazi ya Poul-Henning Kamp na Robert Watson. Kila jela ilipata anwani yake ya mtandao, na hata msimamizi mkuu wa ndani alipunguziwa mamlaka. Mamlaka hayo ndiyo yaliyokuwa pengo kubwa la chroot, kwani mwenye mamlaka ya juu aliweza kuuruka ukuta wake bila taabu. Linux ilifika polepole, kipande kwa kipande. Mwaka 2006 wahandisi wa Google walianza kazi ya kugawa na kupima matumizi ya prosesa na kumbukumbu kwa makundi ya programu, na kazi hiyo ikaingia kwenye kiini cha Linux mwaka 2008. Mwaka 2011, toleo la 3.0 lilileta uwezo wa programu inayoendelea kufanya kazi kuhamia kwenye mazingira ya programu nyingine. Wachache waliliona hilo, lakini hapo ndipo bawaba za mlango zilipofungwa.

Machi 2013, katika mkutano wa watumiaji wa Python huko Santa Clara, California, Solomon Hykes aliionyesha Docker, zana ya kuendesha programu ndani ya makontena, kwa dakika 5. Kilichofuata kinajulikana: makontena yakaenea kwenye seva za dunia nzima. Kisichokumbukwa sana ni kwamba Docker ya mwanzo haikuwa na njia nyepesi ya kuingia ndani ya kontena linaloendelea na kazi. Watu walikuwa wakiweka huduma ya SSH, ya kuingia kwenye mashine kwa mbali, ndani ya kila kontena ili tu waweze kuchungulia. Amri ya docker exec ilikuja Oktoba 2014. Ya kuhama kutoka seti moja ya mitambo kwenda nyingine, docker context, ikaja 2019.

Mlango nao una hatari zake. Februari 2019 ilitangazwa kasoro katika runc, programu inayoanzisha makontena ya Docker: kontena lenye nia mbaya liliweza kusubiri mpaka mwenye mashine aingie kwa docker exec, kisha likaitumia nafasi hiyo kuiteka mashine nzima. Kontena hutumia kiini kilekile cha mwenyeji wake. Anayelichukulia kuwa ngome anajidanganya.

Sasa wapangaji wa makontena wamebadilika. Mwaka 2025 zana za akili unde ziitwazo mawakala, zinazofanya kazi kwenye terminali, zilienea: wakala anasoma msimbo, anaandika, anasakinisha vifurushi na kuendesha amri mwenyewe. Mawakala wawili wakiwekwa kwenye folda moja, huyu anaweza kufuta alichojenga yule. Juni mwaka huo Hykes huyohuyo, akiwa na kampuni yake ya Dagger, alileta zana huria iitwayo container-use. Kila wakala anapewa kontena lake, na mabadiliko yake yanaandikwa kwenye tawi lake la Git, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo.

Ninachokithamini katika zana hii ni amri alizoachiwa binadamu. Kwa list anaona mazingira yote yaliyo hai. Kwa log anasoma wakala alichofanya, pamoja na amri alizoendesha. Checkout inamletea mafaili ya tawi hilo kwenye folda yake. Terminal inampeleka yeye mwenyewe ndani ya kontena, ajaribu kwa mikono yake. Akitosheka anatumia merge, asipotosheka delete, na kazi kuu haijaguswa. Kuhama kutoka kwa wakala mmoja hadi mwingine kunachukua mstari mmoja wa maandishi, na uamuzi wa kipi kiunganishwe unabaki kwa aliyekaa mbele ya kibodi.