Rafu Mbili: Maduka ya Vitabu na Mpira katika Mji wa Bujumbura

Siku moja darasani, mwanafunzi aliniuliza maana ya neno rafu. Nilimjibu upesi kwamba rafu ni ubao uliotiwa ukutani ili kuwekea vitabu au vyombo. Darasa zima likacheka. "Samahani, Mwalimu," akasema kijana yule kwa adabu, "rafu ni kumpiga mwenzako ngwala wakati refa hatazami." Sote wawili tulikuwa tumesema kweli. Neno la kwanza asili yake ni Kiarabu, la pili limetoka katika Kiingereza, nayo yamekutana kwa bahati katika umbo moja. Lakini lililonikaa moyoni siku ile halikuwa asili ya maneno. Kati ya vijana wote waliokuwa mbele yangu, hapakuwa na hata mmoja aliyeifahamu rafu yangu, wala hapakuwa na hata mmoja asiyeifahamu rafu yao.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa kifupi jinsi rafu hizo mbili zilivyoishi pamoja katika mji wetu, na jinsi moja ilivyopungua huku nyingine ikisitawi. Naandika nikiwa Kibenga, kusini mwa Bujumbura, si mbali na ufuko wa Ziwa Tanganyika. Wala sidai kuwa shahidi asiye na upande. Maduka ya vitabu niliyapenda tangu utotoni mbele ya watu wote. Mpira niliupenda kwa siri.

Yafaa tukumbuke kwanza kwamba Kiswahili hakikuletwa hapa na vitabu. Kilikuja kwa miguu na kwa mitumbwi. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kujikita Ujiji kabla ya Burton na Speke kufika huko mwaka 1858, na kutoka Ujiji lugha yao ikapanda pamoja nao kandokando ya ziwa. Livingstone na Stanley walipozuru upande wa kaskazini wa ziwa mwaka 1871, walipita Mugere, mwendo mfupi kusini ya hapa nilipo. Huko lingalipo jiwe lililochorwa tarehe 25 Novemba 1871. Baadaye Wajerumani wakakifanya Kiswahili kuwa lugha ya utawala katika koloni lao lote la Afrika Mashariki, Urundi ikiwamo. Wabelgiji walioingia mwaka 1916 hawakuwa na shauku hiyo. Wao pamoja na wamisioni walikipendelea Kirundi katika madarasa ya mwanzo na Kifaransa katika masomo ya juu. Kiswahili kikabaki sokoni, bandarini na katika mitaa ya mji kama Buyenzi na Bwiza. Kilikuwa lugha ya ulimi na sikio, kisicho na dawati katika shule.

Basi kitabu cha Kiswahili kilipofika mjini petu kilifika kama mgeni wa mbali. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, na kwa njia hiyo bidhaa nyingi za Dar es Salaam zilisafiri siku kadhaa kwa gari la moshi, kisha zikapakiwa melini hadi bandari ya Usumbura, kama mji ulivyoitwa wakati huo. Marehemu baba yangu, aliyekuwa karani, alipenda kusema kwamba kitabu kilichovuka ziwa hakisomwi kwa haraka.

Yeye ndiye aliyenionyesha duka la vitabu kwa mara ya kwanza, mwishoni mwa miaka ya 1980. Lilikuwa katikati ya mji, chumba kimoja kirefu chenye harufu ya karatasi na mafuta ya taa. Rafu tatu zilikuwa za Kifaransa. Moja ilikuwa ya Kirundi, na nyingi ya bidhaa zake zilikuwa vitabu vya dini. Vitabu vya Kiswahili vilikuwa pembeni, chini kabisa, na sidhani kama vilifika thelathini. Mtoto ndiye aliyeviona kwa urahisi, kwa kuwa mtu mzima alilazimika kuchutama. Humo ndimo nilimokiona Kusadikika cha Shaaban Robert, kitabu kilichotolewa mwaka 1951. Mtunzi huyo alifariki Juni 1962, siku chache tu kabla ya Burundi kupata uhuru tarehe 1 Julai. Mzee mwenye duka aliniruhusu kusoma nikiwa nimesimama. "Soma, mwanangu," aliniambia, "ila usikunje ukurasa."

Duka lile halipo tena, na sababu za kutoweka kwa maduka ya namna yake si moja. Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948 na kuchapisha Kiswahili kwa nchi jirani zetu, lilisambaratika pamoja na Jumuiya ya kwanza mwaka 1977. Tangu hapo kila nchi ikashughulikia zaidi vitabu vyake. Kisha Rais Ndadaye aliuawa Oktoba 1993, vikaja vita, na watu wakawa na mambo mazito ya kuwaza kuliko riwaya. Mwaka 1996 nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya biashara, na vikwazo hivyo havikuondolewa hadi 1999. Wauzaji wa vitabu vikuukuu waliosalia kandokando ya soko kuu walipata pigo lao tarehe 27 Januari 2013, soko hilo lilipoungua. Mtu anayelaumu simu za mkononi peke yake anasahau historia yote hii.

Hata hivyo, sina budi kukiri jambo moja. Kila ninapolikumbuka duka lile, moyo wangu hulipamba. Hujaza rafu ile ya chini, huinyanyua hadi usawa wa macho, na huwaweka mlangoni wasomaji wengi ambao hawakuwapo. Kwa kweli mara nyingi tulikuwa watatu: mzee, baba na mimi. Huko Dar es Salaam wenzetu walikuwa na duka la Tanzania Publishing House katika Mtaa wa Samora, la kampuni iliyoundwa mwaka 1966 na iliyoshiriki mwaka 1972 kutoa kitabu maarufu cha Walter Rodney kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Sisi hatukuwa na kitu cha namna hiyo katika Kiswahili. Ninachokililia si utajiri tuliokuwa nao. Ni mlango uliokuwa umefunguliwa kidogo, kisha ukafungwa.

Na mpira, je? Mwaka 1992 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Mwaka huo klabu yetu ya Vital'O ilifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika, ikapambana na Africa Sports ya Abidjan. Hapa Bujumbura zilitoka sare ya bao 1 kwa 1. Kule Abidjan tukafungwa 4 kwa 0. Nilichokumbuka kwa miaka mingi ni huzuni ya mabao manne. Nilipokuwa mwalimu ndipo nilipokumbuka jambo la pili: mabishano yote yaliyofuata, barazani kwa mjomba wangu Buyenzi, yalikuwa ya Kiswahili. Wazee walihoji uamuzi wa refa, wakamtetea mlinda mlango, wakaeleza kwa mpangilio na kwa hoja namna ambavyo mchezo ungepaswa kuchezwa. Usiku tuliikamata kwa taabu Redio Tanzania Dar es Salaam, tukisikiliza Simba na Yanga. Maneno kama kandanda, kabumbu, lango na mwamuzi niliyapata huko, wala si katika duka la vitabu.

Huo ndio ukweli ambao mpenda vitabu hapendi kuukubali. Katika miaka ile ambayo Kiswahili hakikuwa na dawati shuleni, mpira ulikuwa miongoni mwa vitu vilivyokipa vijana wapya wa kukisema. Kamba hiyo haijakatika. Amissi Tambwe, Mrundi, alikuwa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania akiwa na Simba msimu wa 2013/14, kisha tena akiwa na Yanga msimu wa 2015/16. Kila alipofunga, palizungumzwa Kiswahili Bujumbura. Serikali ilikuwa imekwisha kukiingiza Kiswahili katika shule za msingi katikati ya miaka ya 2000, na nchi yetu ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Lakini wanafunzi wengi wanaonijia na Kiswahili chao tayari mdomoni hawakukitoa katika kitabu.

Isidhaniwe kwamba nausifu mpira bila kinyongo. Chumba kile kirefu kilichokuwa duka la vitabu nilikirudia baada ya miaka mingi, nikakuta kimekuwa kibanda cha kuonyeshea mpira wa Uingereza. Ubao wa rafu ulikuwa umefanywa mabenchi. Nimewaona humo vijana wakiweka dau pesa ambayo ingenunua daftari za mwaka mzima. Nimesahihisha insha ambazo mwandishi wake aweza kutaja wachezaji kumi na mmoja wa Arsenal bila kusita, lakini hajui kama aandike "vitabu hivi" au "vitabu hizi". Lugha ya kibandani ni hodari na yenye uhai, ila huyeyuka taa zikizimwa.

Tena mimi mwenyewe si msafi. Jumamosi tarehe 23 Machi 2019 nilikuwa nimewaita wanafunzi kwa kikao cha kusoma. Hakuja hata mmoja, maana siku hiyo Burundi ilicheza na Gabon katika uwanja uliokuwa ukiitwa Prince Louis Rwagasore, ambao leo ni Intwari. Nilikaa na kitabu changu robo saa, kisha nikakifunga, nikaenda kutafuta redio. Sare ya 1 kwa 1 ilitupeleka Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza katika historia yetu. Nililia mbele ya watu. Huko Misri tulifungwa mechi zote tatu, na Nigeria, Madagaska na Guinea, bila kupata hata bao moja. Lakini siku ile ya Machi siijutii, ingawa kitabu nilichokifunga nilichelewa sana kukimaliza.

Ndugu walimu wenzangu, kutoka katika historia hii fupi nimejifunza kuacha kuwagombanisha hawa wawili. Siku hizi baada ya mechi kubwa nawataka wanafunzi wangu waandike habari ya mchezo kwa Kiswahili sanifu, nami nasahihisha kama mwamuzi, kwa haki na bila huruma. Mwaka jana nilimwomba mwenye kibanda kimoja jirani na nyumbani aniruhusu kuweka ubao mmoja ukutani, wenye vitabu kumi na viwili vya Kiswahili. Alikubali baada ya kusitasita. Hadi sasa vitano havijarudi. Sijui kama vinasomwa au vimefungiwa maandazi. Ila juzi kijana mmoja alinirudishia cha sita, akaomba radhi kwa sababu alikuwa amekunja ukurasa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kiswahili cha Bujumbura ni mali, na kwa zaidi ya miaka mia kimetunzwa na midomo ya watu. Daftari lake ndilo linalotungoja sisi.