Nderema: mboga iliyomo katika vitabu vya waganga wa India

Ukisema "spinachi" sokoni Mpanda, utapewa fungu la majani mapana yenye shina nene jeupe. Ile ni jamii moja na bitiruti. Spinachi halisi asili yake ni Uajemi, na kwenye joto hukimbilia kutoa maua. Ipo na ya tatu, inayotambaa na yenye majani mazito: nderema. Wengine huiita spinachi ya Kihindi, na hiyo ndiyo yenye historia ndefu ya tiba.

Waganga wa Ayurveda huiita upodika. Kitabu cha Charaka, cha takriban miaka 2,000 iliyopita, kinasema ni tamu, ina utelezi, hupoza mwili, hulainisha choo na hupunguza ulevi. Lakini kinaonya pia: ukiipika na ufuta uliopondwa, utaharisha. Sisi wakulima wa ufuta tulikumbuke hilo.

Kati ya 1678 na 1693, Mholanzi Hendrik van Rheede alichapisha Amsterdam vitabu 12 vya mimea ya Malabar, kusini mwa India, akisaidiwa na mganga wa huko, Itty Achudan. Jina Basella lilitoka humo, na mwaka 1753 Linnaeus akalifanya jina la kitaalamu.

Angalieni jambo moja: Charaka aliiweka nderema katika fungu la mboga, akataja faida yake na madhara yake. Hakusema inaponya kila kitu. Kwa hiyo mama mjamzito aliyepungukiwa damu asiache vidonge vya kuongeza damu kwa sababu ameambiwa anywe juisi ya nderema. Ale nderema, na vidonge aendelee navyo. Mwenye mawe kwenye figo asiizidishe, maana ina oksaleti nyingi. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, aongee na daktari kabla ya kuongeza mboga za majani, kwa kuwa vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa hiyo.

Kuipanda ni rahisi. Kata kipande cha shina lililokomaa chenye vifundo vitatu au vinne, fukia viwili kwenye udongo wenye samadi, weka mti wa kupandia na umwagilie. Chuma ncha changa mara kwa mara ili itoe matawi mapya. Joto letu inalipenda.