Sindano ya Edison na Nikeli ya Kabanga

Mwaka 1901 Thomas Edison, mvumbuzi mashuhuri wa Marekani, alifika Sudbury, Kanada, kutafuta nikeli kwa ajili ya betri zake. Yeye na watu wake walitumia sindano ya sumaku, ambayo huinama inapopita juu ya mwamba wenye usumaku. Katika eneo la Falconbridge sindano iliinama. Wakachimba shimo, wakakutana na mchanga laini uliojaa maji, wakakata tamaa. Mwaka 1928 Thayer Lindsley aliyachukua maeneo hayo na kuanzisha kampuni ya Falconbridge. Mbale ya nikeli ilikuwa palepale, chini ya mchanga.

Hata hivyo, sindano haikusema "nikeli". Ilisema tu kwamba hapa pana kitu kisichofanana na jirani zake. Hicho ndicho wanajiofizikia hukiita anomali: ni swali ambalo ardhi inauliza, wala si jibu.

Nikeli ya aina hii hukaa pamoja na salfaidi za chuma ambazo hupitisha umeme vizuri, na mara nyingi huwa na usumaku. Lakini salfaidi hizohizo zaweza kuwapo bila nikeli ya maana na bado zikatoa ishara ileile. Kinywe nacho hupitisha umeme. Kwa hiyo mtafiti makini hulinganisha ushahidi: usumaku, upitishaji umeme, na mvutano wa ardhi, kwa kuwa salfaidi ni nzito na kinywe ni chepesi. Mwisho huchoronga na kupeleka sampuli maabara. Hapo ndipo neno "nikeli" huruhusiwa kutamkwa.

Ugumu huu tunao nyumbani. Kabanga, wilayani Ngara, miamba inayoizunguka mbale ina kinywe na salfaidi zake yenyewe. Utafiti wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP) uliibaini nikeli hiyo katika miaka ya 1970. Baadaye zilikuja kampuni za kigeni, moja baada ya nyingine. Na mwaka 2005 Falconbridge, ile iliyozaliwa katika ardhi aliyoiacha Edison, iliingia ubia na Barrick papo hapo Kabanga. Mwaka 2018 serikali ilifuta leseni za kuhodhi maeneo. Januari 2021 ilisaini mkataba ulioipa Tanzania hisa za asilimia 16 katika kampuni ya Tembo Nickel.

Ndugu msomaji, mjadala wetu wa madini umekuwa mjadala wa asilimia. Ni mjadala halali, lakini haujitoshelezi. Anomali moja yaweza kusomwa kama utajiri na mtu anayeuza hisa, na ikasomwa kama kinywe kitupu na mtu anayetaka kununua leseni kwa bei ya chini. Anayeamua ukubwa wa mbale ndiye anayeamua thamani ya asilimia zetu. Asilimia 16 ya kitu usichoweza kukisoma ni asilimia 16 ya neno la mwenzako.

Kwa hiyo, pamoja na kudai hisa, tudai takwimu ghafi na sampuli za uchorongaji, na tuwasomeshe vijana wa kuzitafsiri upya bila kuomba ruhusa ya mtu. Edison alikuwa na sindano iliyosema kweli; alichokosa ni njia ya kufika chini. Sisi tuko juu ya mbale yenyewe. Tusiwaachie wengine kuisoma.