Simu ni yako, lakini ufunguo anao nani? (Uzi)

1/ Kila mara serikali ikitaja usajili au ukaguzi wa simu, mtandao unagawanyika. Huku: "Kama huna cha kuficha, unaogopa nini?" Kule: "Si ununue iPhone utulie." Mimi nasoma sayansi ya siasa, na naona pande zote mbili zinaruka historia. Hebu tuipitie polepole. Hakuna chama kitatajwa hapa.

2/ Kwanza tutenganishe mambo matatu. Faragha: nani anaona mambo yako. Usalama: mwizi anaweza kuvunja aingie? Mamlaka: nani anaamua simu ifanye nini. Fikiria nyumba ya kupanga. Kuna geti, ukuta na askari, kwa hivyo usalama upo. Lakini kama landilodi ana ufunguo wa pili, mamlaka si yako. Siasa ya simu iko hapo kwa huo ufunguo wa pili.

3/ iPhone iliingia sokoni 2007, na simu ya kwanza ya Android ikafuata 2008. Apple ilitengeneza simu na mfumo wake yenyewe, na tangu 2008 programu zikawa zinapita mlango mmoja, duka lake. Android ilitoa msimbo wake wazi, kiwanda chochote kiutumie. Ndiyo maana mwaka 2011 Mkenya aliweza kupata Huawei IDEOS kwa takriban shilingi 8,000. Watu wengi hapa walionja simu janja kwa njia hiyo.

4/ Lakini uwazi huo ulikuwa na bei. Google ikiziba tundu la usalama, kiraka lazima kipitie kwa mtengenezaji wa simu, na simu za bei nafuu mara nyingi zilisahaulika. Pia, msimbo uko wazi ndiyo, lakini huduma za Google zinazokaa juu yake haziko wazi, na kampuni hiyo inakula kwa matangazo. Mwaka 2018 Tume ya Ulaya iliipiga faini ya euro bilioni 4.34 kwa kuwabana watengenezaji wa simu za Android waweke programu zake.

5/ Juni 2013, Edward Snowden akafichua upelelezi mkubwa wa kidijitali wa Marekani. Mwaka uliofuata Apple ikatoa iOS 8, ikasema haiwezi tena kuifungua simu iliyofungwa kwa namba ya siri ya mwenyewe. Mtihani ukaja 2016: FBI ilitaka Apple iandike programu ya kusaidia kufungua iPhone ya mshambuliaji wa San Bernardino. Apple ikakataa. FBI ikapata msaada kwingine na kesi ikaachwa. Wengi wakasema, basi, hii ndiyo simu ya mwananchi.

6/ Ngoja kwanza. Julai 2017 Apple hiyo hiyo iliondoa programu za VPN kwenye duka lake la China, kwa sababu sheria ya huko ilidai hivyo. Februari 2018 data ya iCloud ya wateja wa China bara ikahamia kwa kampuni ya huko huko. Kufuli halikuvunjwa na mtu. Mwenye mlango alipewa amri akatii, na kwa sababu mlango ulikuwa mmoja, mtumiaji hakuwa na pa kupitia. Ulinzi wa kampuni una mipaka yake: kampuni ina soko la kulinda pia.

7/ Turudi nyumbani. Septemba 2012 simu bandia zilizimwa nchini. Kisha mamlaka ya mawasiliano ikataka kuunganisha mfumo wa kutambua simu hizo kwenye mitandao ya kampuni za simu. Tuwe wa haki: simu bandia na za wizi ni shida ya kweli. Hofu ilikuwa kwamba mfumo huo ungefika hadi kwenye rekodi za simu za watu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliusimamisha, na 2020 Mahakama ya Rufaa ikatengua uamuzi huo. Ona hili: rekodi ya nani ulimpigia, na saa ngapi, iko kwa kampuni ya simu. Android au iPhone, hapo hakuna tofauti.

8/ Kisha kuna pesa. Julai 2020 Safaricom na Google walileta Lipa Mdogo Mdogo: simu ya 4G kwa shilingi 20 kwa siku. Ukichelewa kulipa, simu inafungwa kutoka mbali. Mpango huo umewapa wengi intaneti, siupingi. Lakini ona nani analipa kwa mamlaka yake: asiye na pesa taslimu. Hata GrapheneOS, mfumo unaosifiwa kwa faragha, umetengenezewa simu za Google Pixel, na si kila programu ya benki inakubali kufanya kazi humo.

9/ Kwa hivyo "chagua simu nzuri" ni ushauri wa mwenye uwezo wa kuchagua. Weka namba ya siri, pokea masasisho, kataa programu ya mkopo inayotaka kusoma majina yote ya simu yako. Lakini ulinzi wa wengi uko kwenye Kifungu cha 31 cha Katiba na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hizo zinafanya kazi tu mtu akizidai.

10/ Ukisikia mgombea akiahidi "usalama wa kidijitali", usimuulize anatumia simu gani. Muulize ufunguo wa pili atampa nani, na huyo mtu atasimamiwa na nani. Akijibu "niamini tu", umeshapata jibu lako.