Choo cha paka

Choo cha paka ni beseni au sanduku lenye mchanga ambamo paka anayeishi ndani hujisaidia. Kwa silka paka huchimba na kufukia kinyesi chake, ndiyo maana hujifunza haraka kutumia choo hicho.

Zamani wafugaji waliweka mchanga au majivu. Mwaka 1947 Edward Lowe, wa jimbo la Michigan, Marekani, alianza kuuza udongo mkavu unaofyonza mkojo. Baadaye ukaja udongo wa bentoniti, ambao hushikamana kuwa mabonge unapolowa, hivyo huchotwa mabonge tu.

Beseni lifaalo huwa na urefu wa takriban mara 1.5 ya mwili wa paka, bila mkia. Mengi ya madukani ni madogo mno. Paka mzee na mtoto wa paka huhitaji ukingo mfupi. Hushauriwa beseni moja kwa kila paka na moja la ziada, mahali patulivu, mbali na chakula. Manukato makali huwakimbiza paka wengi.

Kinyesi kichotwe kila siku. Vimelea vya toksoplasma, vikiwemo kinyesini, huchukua siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza. Kwa kuwa vimelea hivyo vinaweza kumdhuru mtoto tumboni, mjamzito amwachie mwingine kazi hiyo, au avae glavu na anawe kwa sabuni.

Paka anayeacha choo ghafla asipigwe kamwe: huenda anaumwa. Dume anayejikamua bila kutoa mkojo apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, kwani njia ya mkojo ikiziba anaweza kufa.