Kijiji cha Kubuni: Masoud Kipanya, Maisha Plus na Mtazamaji wa Rufiji

Historia ya mashindano ya televisheni nchini Tanzania huandikwa kwa kuitazama Dar es Salaam, yaliko mitambo na wadhamini. Makala haya yanaiangalia kazi ya mtayarishaji mmoja, Masoud Kipanya, kutoka Kibiti na delta ya Rufiji.

Zanzibar ilianza kurusha matangazo ya televisheni mwaka 1973, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Kwa hiyo Kipanya, aliyejulikana kwanza kwa katuni za panya magazetini na baadaye kwa utangazaji wa redio, aliingia katika fani changa. Aliikuta pia sura ya shindano iliyokwisha kuzoeleka: mwaka 2003 Mwisho Mwampamba alishika nafasi ya pili katika Big Brother Africa, na mwaka 2007 Mtanzania mwingine, Richard Bezuidenhout, akashinda. Washindani walifungiwa katika nyumba yenye kila starehe. Maisha Plus, iliyoanza mwaka 2009, iliigeuza sura hiyo. Vijana walipelekwa kijijini kulima, kuteka maji na kupika kwa kuni, na watazamaji wakapiga kura kwa ujumbe mfupi wa simu.

Wachambuzi wepesi huiita nakala ya kigeni. Naona asili yake iko karibu zaidi. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza, kujadili, kisha kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Hapo tayari kijiji kilikuwa jukwaa, na msikilizaji alitakiwa kutenda. Tangu mwaka 2012, Maisha Plus ilipounganishwa na shindano la Mama Shujaa wa Chakula la shirika la Oxfam, wanawake wakulima wakiwa ndio washindani, nasaba hiyo ilidhihirika.

Rufiji ina sababu ya pekee ya kuutilia shaka mchezo wa namna hiyo. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, Operesheni Rufiji iliwahamisha wakazi wengi wa bonde la mto na kuwaweka katika vijiji vya miinuko vilivyopangwa na serikali. Mashamba yalibaki bondeni. Msimu wa mpunga, na wa mlau maji yanapopungua, familia zilirudi chini na kuishi katika madungu, zikiwinga ndege na kufukuza nguruwe. Kwa hiyo kijiji kilichobuniwa na wengine, wakaazi wake wakipimwa bidii, hakikuwa burudani ngeni huku. Kilikuwa kumbukumbu ya wazee.

Simdharau Kipanya kwa hilo. Kuiweka kazi ya jembe mbele ya kamera, wakati ambapo umaarufu wa vijana ulitafutwa kwa kuimba, kulikuwa uamuzi wa mtu aliyeijua hadhira yake. (Bongo Star Search ya Rita Paulsen ilikuwa imetangulia.) Udhaifu wake ulikuwa katika kura. Kura ilihitaji umeme wa kuwasha runinga, mtandao wa simu na salio. Mama wa Mbuchi au Kiongoroni aliyelala dunguni kulinda mpunga usiku hakuwa na runinga ya kutazama, ingawa kazi iliyokuwa ikipigiwa kura ilikuwa yake.